Usilipe Hiyo Waranti

Gati nyara, binti yangu,

Sikuulizi hujambo, maana ni sasa hivi tu nimekuona ukitoka, na lango ukaliacha lijibamize lenyewe. Umeenda kumuaga shangazi yako Robi, na ninavyomjua hatakuachilia mapema. Atakulisha, atakuombea, kisha atakulisha tena. Kwa hiyo nafasi ninayo. Nimefagia vipande vya vitambaa, nimekaa mbele ya cherehani, na ile bahasha uliyoirudisha bado iko hapa juu yake, palepale ulipoiweka.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mjaluo wa Homa Bay, baba yako Mkuria, na tulipooana kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye atakayejifunza lugha. Mpaka leo tunangojeana. Wewe ukazaliwa katikati yetu ukaongea Kiswahili, na sisi tukakufuata. Ukiona mahali nimekosea, nisamehe. Walimu wangu walikuwa wachuuzi wa soko la Migori.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga mlango usiku sitayaandika. Bi Zuhura, mwajiri wako mpya, atakwambia hayo yote, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Mimi nataka tuongee juu ya waranti.

Nikueleze nilivyoyaona ya leo kwa macho yangu. Waranti ya mashine hii inaisha wiki hii. Bwana Salim aliyetuuzia ametwambia tunaweza kuongeza miaka miwili mingine, mradi tulipe kabla haijaisha. Wewe kesho unaenda kuanza kazi palepale dukani kwake Homa Bay, upande wa mke wake, Bi Zuhura. Kwa hiyo nilikupa pesa kwenye bahasha pamoja na kadi ya waranti, nikakwambia ukifika tu, kabla hata ya kunywa maji, ulipe. Ukasema, "Mathe, hiyo ni pesa ya bure. Machine iko poa. Tangu ioshwe haijasumbua hata siku moja." Nami nikakujibu, "Hata Homa Bay hujafika, umeshaanza kunifundisha kazi?" Uliweka bahasha hapa, ukachukua leso yako, ukatoka.

Ulikuwa unasema kweli, Gati, na nilijua unasema kweli. Ndiyo maana nilikasirika vile. Ungekuwa umekosea ningekujibu polepole.

Unakumbuka siku tuliyoinunua? Baba yako aliniuliza, "Hapa Migori maduka yamejaa mashine. Homa Bay unaenda kutafuta nini?" Nikamwambia ukinunua kwenu hawawezi kukupunja. Bwana Salim mwenyewe si wa kwetu, ni mtu wa Pwani aliyehamia Homa Bay na biashara yake, lakini hilo sikulitaja. Kusema kweli nilitaka kufika Homa Bay nikiwa na shughuli. Kufika hivi hivi tu, bila shughuli, sikujua kunafanywaje.

Mashine yenyewe unaijua. Inashona maua, inafunga tundu za vifungo, ina taa yake ndogo. Wiki za kwanza niliipenda mpaka baba yako akaanza kulalamika. Kisha ile chupa ya mafuta iliyokuja nayo ikaisha. Na hapo mimi, fundi niliyeshona nusu ya sare za mji huu, nikafanya jambo ambalo mtu wa ziwani pekee ndiye angelifanya. Nikaenda kwa jirani anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyobakiwa na nyama kidogo, nikamwomba kikombe cha mafuta ya mbuta.

Usicheke bado. Mimi nimekulia kwenye mafuta ya samaki huyo. Kwetu mlango ukilia, unapakwa mbuta. Baiskeli ikilia, mbuta. Goti la babu likilia, mbuta. Sikuona kwa nini cherehani iwe na maringo kuliko goti la babu. Na kweli, jua likiwaka ilikwenda vizuri ajabu, kimya kabisa. Shida ilikuwa asubuhi. Mafuta yakishaganda kwa baridi, mashine inaruka mishono, inafunga vinundu chini ya kitambaa, mwishowe inakwama na kunguruma tu. Nililaumu uzi. Nililaumu stima. Nililaumu waliotengeneza, ambao hata siwajui. Wewe ulisema waziwazi, "Mama, hii machine inanuka samaki," nikakwambia ni kitambaa cha mteja. Paka wa soko walihamia chini ya meza yetu, na bado nikasema wanafuata kivuli. Mpaka yule mama wa kwaya akarudisha blauzi yake, akaniambia kwamba paka amemfuata nayo hadi mlango wa kanisa.

Ndivyo tulivyoanza kwenda Homa Bay. Tunafungua kichwa cha mashine, tunakifunga kwenye leso yangu ya zamani, tunapokezana kukibeba. Tukifika, Bwana Salim anasema, "Karibuni, ketini kidogo, nina wateja wawili mbele yenu," na hicho kidogo chake kinaweza kumaliza nusu ya siku. Akija kuichomeka ni saa sita, jua liko juu, mafuta yameshayeyuka, mashine inashona bila tatizo. Anaiangalia, ananiangalia mimi, anakaza hapa na pale, anaturudisha nyumbani. Asubuhi yake imekwama tena.

Nilikuwa nanung'unika kwa ajili ya hizo safari. Leo nataka nikwambie kwamba nazishukuru kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Kwa maana nyumbani, Gati, mimi na wewe hatukuwa tunaongea. Tulikuwa tunaelekezana. Leta mkasi. Pasi imepoa. Pima tena kiuno. Lakini kwenye ile benchi ya veranda ya Bwana Salim hakukuwa na mkasi wala pasi, na mikono yangu ikikosa kazi masikio yanafunguka. Hapo ndipo uliponiambia hutaki kwenda chuo cha ualimu. Ulisema huku ukitazama barabara, "Mama, mimi nataka kushona." Nami nilikuwa nimeshona miaka yote hiyo ili wewe usishone. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba nitakuwa mama mwalimu. Nikasema, "Tutaongea nyumbani." Tulipofika nyumbani tukarudia leta mkasi.

Lakini mashine haikutuacha. Ilikwama tena, tukarudi kwenye benchi ileile, na kabla sijaketi vizuri ukaendelea ulipoachia. Ukaniambia unapenda nini katika kazi hii: mtu akivaa nguo iliyomkaa, namna anavyonyoosha mgongo bila kujua. Mimi pia napenda hilo, tangu zamani, na sikuwahi kumwambia mtu. Nilitamani kukushika mkono. Nilisema tu, "Basi jifunze kukata kola vizuri, kola zako ni mbaya." Ulijua hiyo ni ruhusa, ukacheka.

Asante kwa kurudia neno lile kwenye benchi. Mtoto mwingine angenyamaza baada ya kunyamazishwa mara moja. Mimi nilinyamazishwa mara moja nilipokuwa na umri wako, sikurudia, na mpaka leo sijui ningekuwa nani.

Safari ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baridi ilitufuata mpaka Homa Bay, na mashine ikafika ikiwa bado imekwama. Bwana Salim akafurahi kweli, kama daktari aliyeupata ugonjwa. Akafungua mfuniko wa chini. Akainama. Akanusa. Akainua kichwa polepole akaniuliza, "Mama Gati, hii uliyoniletea ni cherehani au ni kikaango?"

Nami sikurudi nyuma. Nilimwambia, "Bwana Salim, mafuta hayo yamelea watoto. Yamenilea mimi, na unaniona nilivyo."

Ulivyocheka siku hiyo! Ulicheka ukashika ukuta, ukateleza mpaka chini, na Bi Zuhura akatoka chumba cha nyuma na futi yake shingoni akisema, "Jamani, nani huyu avunja duka langu kwa kicheko?" Akanusa na yeye. Akashika pua, akakaa chini karibu yako, mkacheka wote wawili. Mimi nilisimama pale nimekunja mikono, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo sikutaka ionekane.

Kadi ya waranti ilisema wazi kwamba ukitumia mafuta mengine, hasara ni yako. Bwana Salim angeweza kunionyesha hayo maandishi kisha anionyeshe na mlango. Badala yake alikunja mikono ya kanzu, akaifungua mashine chuma kwa chuma, akaiosha kwa mafuta ya taa mpaka jioni. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Waranti haimjui mbuta, lakini mimi nimemla mbuta wenu tangu nifike hapa. Huu ni wema wa kurudisha." Nikamwambia ero kamano, ahsante ya kwetu, na yeye akaitika kwa Kiluo chake cha dukani.

Wewe siku hiyo hukukaa kwenye benchi. Bi Zuhura alikupeleka nyuma kwenye rundo la sare za shule, na ulipotoka jioni ulikuwa umeshona kola zote zilizomchosha. Alizigeuza moja moja mwangani. Akaniambia, "Mama Gati, mashine chukua, hiyo imepona. Huyu niachie." Tulidhani ni mzaha. Kesho unakwenda, na chumba amekutafutia mwenyewe.

Hebu fikiria. Kama ningenunua chupa ya mafuta sahihi, ile ndogo ya bei ya chai na mandazi, mashine isingekwama kamwe. Nisingekaa na wewe kwenye benchi. Ungekuwa chuo cha ualimu sasa hivi, umenuna. Maisha yangu yote nimejitahidi nisikosee mbele yako, na kosa langu la kijinga kuliko yote ndilo lililokufungulia njia. Sijui nikufundishe nini hapo. Nashukuru tu.

Ila mtu akikwambia kazi yako inanuka samaki, inuse.

Sasa nakuja kwa lile la leo. Tangu ile siku ya kuoshwa, mashine ni nzima. Wewe wajua, baba yako anajua, paka wa soko wanajua. Lakini baadaye nimeipeleka Homa Bay mara mbili nikisema nasikia mlio. Bwana Salim aliichomeka, tukasikiliza wote, hakuna mlio. Akaniambia, "Mashine yako huumwa Migori. Ikiona ziwa inapona." Niliporudi baba yako alikuwa anakamua ng'ombe. Hata hakugeuka. Alisema, "Anayeumwa si mashine."

Ulipotoka leo nilichukua kadi kwa hasira, nitafute cha kukuonyesha ili ujue mama yako si mjinga. Nikaisoma mpaka yale maandishi madogo. Imeandikwa kwamba ukiongeza waranti, ni lazima mashine ipelekwe dukani kila baada ya miezi michache ikaangaliwe, usipoipeleka waranti inakufa. Nyara, nilipofika hapo nilifurahi. Nilitabasamu peke yangu. Ni lazima! Nitaambia watu ni lazima niende Homa Bay, kadi imesema.

Kisha tabasamu likanishinda. Nilimkumbuka Dani, nyanya yako, mama yangu mzazi, na karai lake.

Hukumjua vizuri, kwa hiyo nikusimulie. Nilipoolewa huku, ng'ombe za mahari zilikuwa zinafika Homa Bay moja moja, tena kwa kusukumwa. Unawajua Wakuria na ng'ombe zao. Kumtoa mmoja ni kama kumtoa jino. Na kwetu mama mzazi hafiki nyumbani kwa binti aliyeolewa mpaka mambo hayo yakamilike na aalikwe inavyotakiwa. Dani alikuwa mtu wa kufuata mila. Hangekanyaga lango hili. Lakini siku ya soko alikuwa anatokea Migori na karai la omena, wale dagaa wetu wa ziwani, anakaa kwenye safu ya wauza samaki, na mimi napita na kikapu kama mteja.

Tulikuwa tunafanya biashara kabisa. Nauliza bei, anataja. Namwambia, "Mama, niongeze," anaongeza kiganja juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka zinamwagika. Pesa anapokea, anafunga kwenye ncha ya leso. Katikati ya hayo ndiyo ananiuliza kama ninalala, kama mama mkwe ananipenda, kama nakula. Mara moja alisema kwa sauti wote wasikie, "Mteja, sogea nione hicho kitenge, ni cha bei gani?" Nikasogea. Akashika kitenge tumboni, akakaa ameshika. Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Alisema, "Kitambaa ni kizuri," na akageuka kupunga nzi.

Mambo yalipokamilika magoti yake yalikuwa yameisha. Alikuja kwangu mara moja tu, kwa sherehe, akala, akatazama kila pembe ya nyumba, akarudi. Muda si mrefu tukamzika.

Baada ya msiba nilipita sokoni, na mama mmoja anayeuza omena kwa jumla akanishika mkono kunipa pole. Akaniambia, "Huyo mama yako alikuwa customer yangu sana. Hiyo omena alikuwa ananunua kwangu asubuhi, tin moja tu. Karai alikuwa anatoka nayo kwao empty." Nilikaa chini palepale, kati ya magunia, nikalia mpaka watu wakafikiri nimepata habari mpya. Kumbe hakuwa na biashara yoyote Migori. Alikuwa anatoka Homa Bay na karai tupu, anainunua omena hapa, anakaa nayo juani, ili mimi nipite.

Ninachokililia zaidi si hicho. Yeye alikuwa na mila ya kumzuia. Mimi sikuwa na kitu. Binti kwenda kumwona mama yake hakuna anayemkataza. Lakini nilikuwa nangoja sababu: mtu augue, kuwe na harusi, mahindi yawe tayari. Niliogopa kufika aniulize, "Kuna nini?" na mimi niseme, "Hakuna kitu, nimekukumbuka." Neno dogo hivyo. Nilipita mbele ya karai lake siku zote hizo nikataja bei, na hilo sikulisema hata mara moja.

Na leo nilikuwa nakutuma ukaninunulie karai langu.

Kwa hiyo usilipe hiyo waranti. Iache ife, mashine haina shida, na ikipata shida nitajua la kufanya, maana mafuta sahihi ninayo. Kadi nimeitoa kwenye bahasha. Pesa nimeziacha, na barua hii nimeiweka mahali pa kadi. Kwenye mfuko wako wa pembeni kuna kichupa cha mafuta ya mbuta, kimefungwa vizuri. Ni cha kupaka magoti ukikaa sana mashineni. Bi Zuhura asikione.

Tulipokwenda Homa Bay kukiona chumba chako niliona kiti kimoja. Nilikikalia mimi, na wewe ukasimama mlangoni muda wote kama mgeni kwako mwenyewe. Hizo pesa nunua kiti cha pili, hata cha plastiki, mradi kiwe imara. Unajua uzito wangu. Na wewe ukitaka kuja Migori, usingoje kuniletea nguo ya kurekebisha.

Nitakuja siku yoyote, pengine katikati ya wiki. Sitakuwa nimebeba kichwa cha mashine wala omena. Utashtuka, utaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nami nitasema hakuna kitu, nimekukumbuka. Nimelijaribu hapa kwa sauti, peke yangu mbele ya cherehani, na linatoka. Baba yako amepita dirishani akaniuliza naongea na nani.

Siku hiyo usinijibu chochote. Nisogezee kiti tu.

Mama